KUFULI NI LA BENKI, KHASARA NI YA NANI?



Leo tunataka kuzungumzia jambo ambalo familia nyingi zinalifanya bila kulitafakari, nalo ni ile namba ya tarakimu sita inayoingia kwenye simu pale unaponunua kitu mtandaoni kwa kadi ya benki. Umechagua tiketi ya ndege, au vitabu, au unalipia ada ya mtihani wa Kiingereza wa kijana anayeomba chuo nje. Umeandika namba ndefu ya kadi, tarehe ya kwisha kwake, na zile tarakimu tatu za nyuma. Ukadhani umemaliza. Mara duka linatoweka, unatokea ukurasa mwingine wenye nembo ya benki, unaambiwa subiri ujumbe, andika namba uliyotumiwa, na dakika zako zinahesabiwa.

Tunaambiwa kwamba huo ni ulinzi wetu. Ulinzi upo, hatukatai. Zamani mtu akiiona kadi yako mara moja tu, mhudumu wa hoteli kwa mfano, akanakili namba zake, alikuwa na uwezo wa kununua atakacho usiku kucha. Siku hizi kwenye maduka yanayotumia ukaguzi huu atakwama pale anapoulizwa namba ya simu. Hiyo ni kheri na tunaishukuru. Lakini pamoja na kheri hiyo limepitishwa jambo jingine kimya kimya: khasara imehamishwa kutoka kwa mwenye kufuli, ikatuliwa mabegani mwa mwenye mali. Hilo ndilo tunalolipinga, na tutaeleza kwa nini.

UKAGUZI HUU ULIKUJAJE?

Mtindo huu haukuanza jana. Kampuni ya Visa iliuleta mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa jina la Verified by Visa, na MasterCard wakafuata na wa kwao, SecureCode. Majina hayo yameshabadilishwa, siku hizi utaona Visa Secure na Mastercard Identity Check, lakini mzizi ni ule ule unaoitwa 3-D Secure. Hiyo tatu maana yake ni pande tatu zinazozungumza bila wewe kuziona: benki iliyokupa kadi, benki ya mwenye duka, na kampuni ya kadi iliyo katikati yao.

Sasa msikilize mwenye duka, kwani hapa ndipo penye siri. Kabla ya ukaguzi huu, mwizi akinunua mtandaoni kwa kadi ya mtu, kisha mwenye kadi akalalamika, fedha zilinyofolewa kwa mwenye duka. Bidhaa imekwenda, na fedha zimerudi. Wenye maduka walipiga kelele miaka mingi. Basi ukaguzi mpya ulipokuja, ulikuja na chambo: duka litakalokubali kuutumia halitabeba tena khasara ya wizi wa namna hiyo, khasara itakwenda kwa benki iliyotoa kadi. Ndiyo maana wenye maduka walikubali kuweka ukurasa unaowaudhi wateja wao na kuwafanya wengine waache manunuzi njiani.

Jee, benki nayo ikae na mzigo huo? Hebu ndugu msomaji, fungua droo, toa yale makaratasi uliyotia saini siku unachukua kadi, yale yenye maandishi madogo kama punje za mtama. Tafuta mahali panapozungumzia namba ya siri. Aghalabu utakuta maneno yenye maana hii: malipo yoyote yaliyothibitishwa kwa namba tuliyokutumia yatahesabiwa kuwa yamefanywa na wewe mwenyewe. Sentensi moja hiyo inatosha. Khasara imetoka kwa mwenye duka, ikapita benki kama msafiri anayebadili basi, ikateremkia nyumbani kwako.

Hatusemi haya kwa chuki. Mwaka 2010 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Steven Murdoch na Ross Anderson, waliandika jambo hili hili kuhusu mfumo ule wa mwanzo. Walionesha kwamba ukurasa wa kuomba nywila ulikuwa unachomekwa ndani ya ukurasa wa duka bila mteja kuiona anuani yake, kiasi kwamba hakuwa na njia ya kujua kama anayemuuliza ni benki au ni mwizi. Wakasema mfumo ule ulienea kwa sababu ulikuwa na faida ya kifedha kwa waliouchagua, si kwa sababu ulikuwa imara. Toleo lile la kwanza kampuni za kadi ziliacha kulitumia mwaka 2022, na lililopo sasa ni bora zaidi. Suala la nani anabeba khasara, hata hivyo, halikufa na toleo lile.

NAMBA SI SAHIHI

Sisi ni watu wa mikataba. Mtu akiuza shamba, akikopeshana, akioa, kuna mashahidi, maneno yanasomwa, kila mmoja anajua anakubali nini. Sahihi ina uzito kwa sababu aliyeitia alijua anatia juu ya nini.

Haya, tuiangalie namba hii. Inakuja kwa ujumbe mfupi, mara nyingi kwa Kiingereza. Baadhi ya jumbe hutaja jina la duka na kiasi. Nyingine husema tu kwamba namba yako ni fulani, basi. Bibi anayesoma Kiswahili chake vizuri kabisa, na Kiarabu cha msahafu, anaambiwa amekubali kulipa kitu ambacho ujumbe wenyewe haukukitaja, kwa lugha asiyoijua. Tangu lini hiyo ikawa sahihi?

Mama mmoja wa mtaani kwetu, mfanyabiashara wa vitambaa, alipigiwa simu mchana wa siku ya kazi. Aliyempigia alijua jina lake kamili, alijua benki yake, akamtajia tarakimu za mwisho za kadi yake. Akamwambia kuna mtu anajaribu kuiba fedha zake, na ili kuzuia wizi huo amsomee namba itakayoingia kwenye simu sasa hivi. Namba ikaingia, akaisoma. Zikaondoka fedha alizoweka kwa ajili ya muhula wa binti yake. Benki (hatuitaji, kwani shauri lake lingali mezani) ilimjibu kwa mdomo tu: namba ilitumika, kwa hiyo ni wewe. Mama yule akamuuliza kijana wa dirishani, "Mwanangu, mimi namba nilimsomea, ni kweli. Lakini jina langu, kadi yangu na simu yangu alizipata wapi kabla hajanipigia?"

Hajajibiwa. Na sisi tunaona swali lake ndilo swali. Mwizi alifika kwa mama huyu akiwa na robo tatu ya funguo mkononi. Hizo robo tatu hakuzitoa mama. Zilivuja dukani, au benki, au kwa kampuni ya simu, Allah ndiye Mjuzi. Lakini ile robo moja iliyotoka kwake ndiyo inayoandikwa kwenye jalada, na kwa robo hiyo anabebeshwa khasara nzima.

Watasema: tumewaambia mara mia msitoe namba. Kweli mmesema. Lakini nyinyi hao hao ndio mliowazoesha watu kwamba kila wiki ukurasa usioujua utawauliza namba, nao waijibu haraka kabla muda haujakwisha. Mtu aliyefunzwa kutii kwa haraka huwezi kumlaumu peke yake siku anapomtii asiyestahiki.

Tena si lazima namba isomwe. Mwizi anaweza kwenda kwa wakala wa simu, akadai laini yake imepotea, akapewa laini mpya yenye namba yako. Simu yako inakufa mtandao, unadhani ni hitilafu, kumbe jumbe zako zinasomwa na mwingine. Huko Ujerumani mwaka 2017 kampuni moja ya simu ilithibitisha kwamba wezi walipita katika mitambo inayounganisha mitandao ya simu duniani, wakazinasa namba za benki zikiwa njiani, na wenye simu wakiwa wamezishika mikononi mwao. Mwaka huo huo taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliiweka njia ya namba kwa simu katika kundi la njia zenye mipaka, kwamba anayeitumia aijue hatari yake na awe na njia mbadala. Benki za Singapore zilitangaza mwaka 2024 kuiondoa namba hii katika kuingia kwenye akaunti kwa wateja wenye uthibitisho ndani ya programu ya benki, na za Falme za Kiarabu zikaanza kuiacha mwaka 2025. Wenye benki hawawezi kusema hawakujua kwamba kufuli hili lina ufa.

WENGINE WAMEAMUAJE?

Wapo wanaodhani malalamiko haya ni ya watu wasioelewa mambo ya fedha. Basi tuangalie wenzetu wanaosifiwa kwa mambo hayo.

Ulaya iliufanya ukaguzi wa aina mbili kuwa lazima. Sharti hilo lilianza tarehe 14 Septemba 2019, na Uingereza ikakamilisha upande wa manunuzi ya mtandaoni tarehe 14 Machi 2022. Mteja athibitishwe kwa mambo mawili kati ya matatu: kitu anachokijua, kitu alicho nacho, au kitu cha mwilini mwake kama alama ya kidole. Wengi wanaishia hapo wakisimulia. Hawasemi kwamba sheria ile ile imeweka pia haki ya mteja. Kwa malipo asiyoyaidhinisha, mteja wa Ulaya hubeba si zaidi ya euro 50, na Uingereza si zaidi ya pauni 35, isipokuwa amefanya udanganyifu au uzembe mkubwa. Na sheria imesema wazi kwamba kumbukumbu ya mitambo kuonesha kadi ilitumika si lazima iwe peke yake ushahidi wa kutosha kwamba mteja aliidhinisha. Benki ndiyo inayotakiwa kuthibitisha. Tena kanuni zao zinataka uthibitisho ufungamane na kiasi kile na mlipwaji yule, na mteja aoneshwe vyote viwili.

Wanafamilia wetu walioko London na Leicester wana haki hizo. Jee, ndugu zao waliobaki Kampala, Bujumbura na Goma, wenye kadi za nembo zile zile, wawe na nini?

Na isisemwe kwamba ni mambo ya nchi tajiri. India iliutangulia ukaguzi huu hata kabla ya Ulaya. Benki kuu yake iliufanya lazima kwa manunuzi ya mtandaoni kuanzia tarehe 1 Agosti 2009. Kisha mwaka 2017 ikatoa kanuni ya khasara. Kosa likiwa la benki, mteja halipi kitu. Kosa likiwa si la benki wala la mteja, na akatoa taarifa ndani ya siku tatu za kazi, halipi kitu. Kosa likiwa lake mwenyewe, kwa mfano ametoa namba, atabeba khasara mpaka pale anapotoa taarifa, na baada ya taarifa kila kinachopotea ni cha benki. Na mzigo wa kuthibitisha kosa la mteja uko kwa benki. Mama yetu wa vitambaa kwa kanuni hiyo huenda asingepata kila kitu, lakini angejua amesimama wapi, na asingejibiwa kwa mdomo dirishani.

Hata Marekani, ambako maduka mengi hayamuulizi mnunuzi namba ya simu kabisa, sheria tangu miaka ya 1970 inamwekea mwenye kadi ya mkopo ukomo wa dola 50. Huko benki na maduka wakitaka kulegeza kufuli walegeze, lakini khasara ni yao, ndiyo maana wanajitahidi wenyewe kumtafuta mwizi.

Zikisema benki zetu kwamba kanuni kama hizo zipo hapa, tutafurahi. Watuoneshe ukurasa, wautafsiri, waubandike ukutani karibu na ile picha ya mkopo wa gari.

FAMILIA ILIYOTAWANYIKA

Kuna upande mwingine ambao waliobuni ukaguzi huu hawakuufikiria, au waliufikiria wakaona hatuhusiki. Wao wanadhani kadi, simu na mnunuzi ni mtu mmoja mahali pamoja. Sisi familia zetu si hivyo. Baba yuko Goma na kadi na laini ya simu, binti yuko chuoni Kampala na kompyuta, na ada ya maombi inafungwa saa sita usiku. Binti anaandika namba za kadi, baba anasubiri ujumbe, mtandao wa Goma umelala. Ujumbe unaingia, anampigia binti, hapatikani. Akipatikana, ukurasa umeshafunga. Wanaanza tena. Mara ya tatu benki inaifungia kadi kwa tuhuma za wizi, na baba lazima aende tawini siku ya pili akapange foleni kuthibitisha kwamba yeye si mwizi wa mali yake.

Halafu angalieni tunachowafundisha watoto: kwamba kusomeana namba za benki kwenye simu ni jambo la kawaida la familia. Mlango huo huo ndio anaoingilia tapeli. Tunawalaumu wazazi kwa hilo? Hapana. Wamewekewa kufuli ambalo haliwezi kufunguliwa na familia iliyo katika miji miwili ila kwa kuvunja masharti ya kufuli lenyewe.

Dawa yake ipo na si ya ajabu. Benki inaweza kutoa kadi ya pili kwa mwanafunzi, yenye ukomo mdogo anaouweka mzazi, na yenye namba ya simu ya mwanafunzi mwenyewe. Inaweza kuruhusu uthibitisho ndani ya programu yake, ambao hautegemei laini ya simu kushika mtandao wa nchi nyingine. Na kwa mzee mwenye simu ya kitochi iwepo njia yake pia. Mamlaka ya fedha ya Uingereza ilizitaka benki zake zisimtegemeze kila mteja kwenye simu ya mkononi. Huko wazee wasio na simu za kisasa wamefikiriwa. Sisi tulio nao wengi zaidi tunaambiwa wanunue simu.

Wapo pia wazee wetu wanaosema dawa ni kuachana na kadi kabisa, fedha mkononi inatosha. Tunawaheshimu, lakini chuo cha nje hakipokei noti kwa mkono wa dereva wa basi, na kadi inayotoa fedha zako mwenyewe si mkopo wa mtu.

TUNACHOTAKA

Tunataka maneno yale ya kwenye makaratasi yafutwe, yanayosema namba ikitumika basi ni wewe. Badala yake iandikwe siku ngapi mteja anazo za kutoa taarifa, kiasi gani kwa ukomo atabeba, na benki itamrudishia lini wakati uchunguzi unaendelea. Ujumbe wa namba utaje kiasi na jina la duka, kwa lugha aliyoichagua mteja. Na laini ya simu ikibadilishwa, benki isipeleke namba kwenye laini hiyo mpaka imehakikisha kwa njia nyingine kwamba aliyeishika ni mwenyewe. Haya si maombi ya sadaka. Aliyechagua kufuli, akalinunua, akalifunga mlangoni kwetu bila kutuuliza, ndiye anayejua ubovu wake na ndiye mwenye uwezo wa kulibadilisha. Akiambiwa khasara ni yake, atalibadilisha mwezi huu. Akiambiwa ni yetu, atatutumia kipeperushi cha kutuonya.

Kwa yaliyokwisha kumfika mtu, asikubali jibu la mdomo. Piga simu ya benki papo hapo kadi ifungwe, andika saa uliyopiga na jina la aliyepokea. Kisha peleka barua tawini, nakala ipigwe muhuri. Katika barua uliza duka gani lililipwa, saa ngapi, kwa uthibitisho gani, namba ilipelekwa kwenye simu ipi, na kama laini hiyo ilikuwa imebadilishwa karibuni. Benki inaweza kuyaona hayo katika kumbukumbu zake au kuyauliza kwa kampuni ya simu. Omba pia malipo yapingwe kupitia kampuni ya kadi. Muda wake kwa kawaida ni siku 120, lakini benki nyingi zinataka taarifa mapema zaidi ya hapo, kwa hiyo usingoje mwisho wa mwezi. Ikiwa duka halikukuuliza namba yoyote, lisemeni hilo kwa sauti, kwani hapo khasara kwa kawaida inarudi upande wa duka na benki yako haina sababu ya kukuzungusha. Tawi likinyamaza, nakala ya barua iende benki kuu.

Nasi tunaomba jambo moja kwa kila familia. Leteni nakala ya ule ukurasa wa masharti ya kadi zenu, wa benki yoyote, mkifuta jina na namba ya akaunti. Mtukabidhi baada ya swala ya Ijumaa au mtume kwa vijana wetu wa uhariri. Tutaziweka pamoja, tutazisoma mstari kwa mstari na ndugu zetu wanasheria, na tutakwenda nazo kwa mameneja wa matawi hapa mjini kuwauliza sentensi ile inasimama juu ya kanuni gani.